Kuirudishia kanga rangi yake: uzoefu wangu na GIMP

Katika picha ya harusi ya bibi yangu, iliyopigwa Mikindani mwaka 1964, nilitaka kanga yake peke yake iwe na rangi, na vingine vyote, yaani ukuta, mkeka na jamaa waliosimama nyuma yake, vibaki vya kijivu kama vilivyo. Nilianza na programu moja ya simu inayopaka rangi yenyewe, nayo ikaifanya kanga kuwa ya samawati. Jambo hilo lilinisikitisha, kwa kuwa kanga ile ni kisutu, vazi la harusi la nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambalo wanawake wa pwani hulitambua kwa michoro yake tu.

Ndipo nikasakinisha GIMP kwenye kompyuta yangu hapa Mtwara. Ni programu huria ya kuhariri picha, hailipiwi, na ikishasakinishwa haihitaji intaneti. Mwanzoni kila rangi niliyochagua ilitoka kijivu, hadi nilipogundua kwamba picha iliyoskaniwa kwa kijivu hubaki kuwa ya kijivu mpaka ubadilishe hali yake kuwa RGB, yaani hali ya picha za rangi. Baada ya hapo nilifungua tabaka jipya, mfano wa karatasi angavu iliyolazwa juu ya picha, nikalipa hali ya kuchanganya rangi peke yake, ambayo huchukua wekundu kutoka kwenye tabaka langu na kuuacha mwanga na kivuli cha picha ya chini, hivyo kila mkunjo wa kitambaa ukaendelea kuonekana. Kwa kisutu njia hii inafaa sana, kwa sababu katika hali hiyo palipo peupe kabisa au peusi kabisa hapapokei rangi.

Tatizo ni kwamba karatasi ya zamani haina weupe kamili. Weupe wa kanga ulikuwa umefifia na kuwa kijivu chepesi, kwa hiyo ukageuka waridi, nami nikalazimika kuificha rangi hiyo kwa barakoa ya tabaka, yaani kificho kinachoziba sehemu ya tabaka bila kuifuta, mraba mmoja baada ya mwingine, kwa brashi ndogo yenye kingo laini. Kazi hiyo ilinichukua jioni tatu, na ndiyo iliyoipa picha uhai, kwa kuwa sehemu iliyochaguliwa kwa kingo kali huonekana kama karatasi iliyokatwa na kubandikwa. Nyekundu iliyokuwa imekolea mno kuelekea weusi niliiangaza kidogo kwa zana ya mikunjo ya mwanga, kwenye pindo na mji wa kanga tu.

Nampa onyo anayeanza: usihifadhi JPEG peke yake. Mara ya kwanza nilifanya hivyo, matabaka yakaunganishwa, nikaanza upya. Faili la XCF, ambalo ni aina ya faili ya GIMP yenyewe, huyatunza matabaka yote, na JPEG hutolewa mwishoni kwa ajili ya kuchapisha.

Nilipompelekea bibi nakala iliyochapishwa, aliitazama kwa muda mrefu, akasema, "Hiki ndicho kisutu changu, mjukuu wangu. Na hina yangu je?" Nilikuwa nimeisahau. Nilifungua faili la XCF, nikaongeza tabaka la rangi ya kahawia iliyoelekea wekundu, nikapunguza ukolezi wake hadi nusu, na vidole vya bibi vikapata hina yake usiku uleule.