2C ya Toyota na XUD9 ya Peugeot: ipi ina unafuu?

Zote ni injini za dizeli za silinda nne, bloku ya chuma, hedi (sehemu inayofunika silinda kwa juu) ya alumini. 2C ina cc 1974, XUD9 ina 1905. Nguvu hazipishani sana. Tofauti iko kwenye magonjwa.

2C, hasa yenye turbo, hupasuka hedi katikati ya viti vya valvu ikishachemsha. Dalili: asubuhi, injini ikiwa bado baridi, hozi ya juu ya rejeta inakuwa ngumu na mapovu hayaishi kwenye maji ya rejeta. Usikimbilie kubadilisha gasketi ya hedi; hedi ipimwe presha kwanza.

Hedi ya XUD9 ni mvumilivu zaidi, ila gasketi zake zina unene tofauti, na alama ni vijino vya pembeni. Pima pistoni zinavyochomoza juu ya bloku ndipo uchague. Ikisumbua kuwaka asubuhi, watu hulaumu plagi za kupasha, kumbe mara nyingi ni hewa iliyoingia kwenye njia ya dizeli. Unga kipande cha paipu angavu kabla ya pampu ya dizeli: ukiona mapovu, kagua viungio na pampu ya mkono ya kuvutia dizeli.

Mkanda wa taimingi ukikatika, kwenye zote valvu hugonga pistoni. Kwenye XUD9, ukibadilisha mkanda, badilisha pia pampu ya maji papo hapo, maana inazungushwa na mkanda huohuo.