Shikamoo Isiyoitikiwa: Uzoefu Wangu wa Kusomea Shahada ya Usimamizi wa Biashara

Mara ya kwanza nilidhani hakusikia, kwa sababu kioo cha dirisha la ofisi ya mitihani kina tundu dogo chini kabisa, na anayetaka kusikika hulazimika kuinama kana kwamba anazungumza na mtoto aliyejificha uvunguni. Nikainama, nikarudia: "Shikamoo, mama." Yule mama aliinua macho, akanitazama vizuri, kisha akayarudisha kwenye simu yake. Mimi nimelelewa Tanga, mahali ambapo hata mtu mliyegombana naye mpaka mkapelekana kwa mjumbe bado ataiitikia shikamoo ya mwanao. Nimesoma miaka mitatu, nimefanya mitihani zaidi ya thelathini, nimehitimu na joho nimevaa, lakini mtu akiniuliza shahada ya usimamizi wa biashara ilikuwaje, kinachonijia kwanza ni ule ukimya wa upande wa pili wa kioo.

Sitaeleza ada, sifa za kujiunga wala orodha ya masomo, kwani hayo yamo katika mwongozo ambao Tume ya Vyuo Vikuu huutoa kila mwaka, na chuo chenyewe sitakitaja. Nitaeleza lililonipata, msomaji apime mwenyewe.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka wa pili. Matokeo ya muhula yalipotoka usiku, kama kawaida yake, tulikaa wanne getoni tukipokezana simu moja yenye bando. Masomo yangu yote yalikuwa na alama isipokuwa moja: Usimamizi wa Uendeshaji. Alama za kazi za darasani zilikuwepo, 31 kati ya 40. Mahali pa mtihani wa mwisho, ambao kwetu una alama 60, palikuwa patupu, na pembeni imeandikwa kwamba matokeo hayajakamilika. Wenzangu walinipa pole ya haraka haraka, maana kila mmoja alikuwa na yake ya kuangalia, na mmoja wao alikuwa ameona sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia.

Asiyewahi kusoma kwa mkopo anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Si dogo. Bodi ya Mikopo husubiri chuo kipeleke matokeo ya mwanafunzi kabla ya kumruhusia fedha za mwaka unaofuata, na mwanafunzi ambaye matokeo yake yana tundu hubaki nyuma wenzake wakiitwa kusaini. Wakati huo bumu, yaani fedha ya kujikimu itokayo kwenye mkopo, lilikuwa bado shilingi 8,500 kwa siku, kabla halijapandishwa kufika 10,000. Ni fedha ndogo, lakini ndiyo iliyokuwa ikilipa chumba, nauli ya daladala na sahani moja ya wali maharage, na ukiiondoa hakibaki kingine. Tena kulikuwa na hofu nyingine ya kimyakimya: kama karatasi isingepatikana, ningehesabiwa sikufanya mtihani, na chuoni kwetu anayerudia kwa sapu, hata akijibu kama malaika, hupewa C.

Basi nikaenda dirishani. Dirisha lilifunguliwa saa tatu asubuhi na mbele yangu walikuwepo watu 30. Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nilianza kutumia lile somo lenyewe ambalo alama zake zilikuwa zimepotea. Katika Usimamizi wa Uendeshaji tulifundishwa kanuni ya foleni ambayo Mmarekani John Little aliithibitisha mwaka 1961: idadi ya watu waliomo katika foleni ni sawa na kasi ya wanaoingia ikizidishwa kwa muda ambao kila mmoja anakaa humo. Nilihesabu kwamba watu 12 walikuwa wanahudumiwa kwa saa, kwa hiyo watu 30 ni saa mbili na nusu, na ningefika mbele saa tano na nusu. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, ila haikujua habari ya chai. Saa nne na nusu, watu 18 wakiwa wamehudumiwa, kibao kiligeuzwa, pazia likavutwa, na sisi tuliobaki tukatazamana. Pazia lilifunguliwa baada ya saa nzima. Nilifika mbele saa sita na nusu, njaa inauma, nikatoa ile shikamoo niliyokwisha kuisimulia.

Mazungumzo yetu yalikuwa mafupi, nami ninayakumbuka neno kwa neno.

"Namba ya usajili."

Nikaitaja. Akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena.

"Hukufanya mtihani."

"Nilifanya, mama. Nilikaa safu ya tatu, na karatasi ya mahudhurio nilisaini."

"Kama ulifanya, lete hiyo karatasi yako ya majibu tuione."

Nilidhani ananitania. Nikamweleza kwa adabu zote nilizobakiwa nazo kwamba kijitabu cha majibu hukusanywa na msimamizi kabla mtahiniwa hajanyanyuka kwenye kiti, na kwamba mwanafunzi atakayetoka nacho nje atafukuzwa chuo.

"Basi subiri sapu. Anayefuata."

Nilirudi siku nyingine, nikaambiwa mwenye faili yuko likizo. Nilirudi tena, nikaambiwa mtandao umelala. Mara ya nne niliambiwa barua imeandikwa kwenda idarani kwangu kuulizia, na kwamba itapita kwa mkuu wa skuli, ishuke kwa mkuu wa idara, ifike kwa mratibu wa mitihani, kisha majibu yapande kwa njia ileile. Niliuliza itachukua muda gani. Yule mama, ambaye kufikia hapo nilikuwa nimeacha kumwamkia (na jambo hilo linanisuta mpaka leo, maana nilikuwa nimekwisha kufanana naye), alinijibu: "Kwani uko peke yako hapa chuoni?"

Naomba nieleze kwa nini jibu hilo liliniwasha kuliko yote. Katika muhula wa kwanza kabisa wa shahada hii, kabla hata hatujajua vyoo viko wapi, tunafundishwa Henri Fayol, yule mhandisi wa migodi wa Kifaransa aliyeandika kanuni zake 14 za uongozi mwaka 1916. Mojawapo inahusu ngazi ya mamlaka, na Fayol mwenyewe aliona kwamba ngazi ikifuatwa kibubusa kazi zitakwama, hivyo akapendekeza ubao wa kuvukia: maofisa wawili wa ngazi moja katika idara mbili wazungumze moja kwa moja, wakubwa wao wakijua na wakiridhia, badala ya kila jambo kupanda mpaka kileleni na kushuka upande wa pili. Tuliujibia swali ubao huo. Mimi niliuchora kwa rula. Na sasa, katika chuo hichohicho, ofisi ya mitihani na ofisi ya idara yetu zimetenganishwa na korido moja ambayo mtu huimaliza kwa hatua arobaini, na barua yangu ilikuwa inatumwa kupanda mlima. Hapo ndipo nilipoanza kuwaambia watu, kwa sauti, nyumbani na kwenye daladala, kwamba shahada hii ni ulaghai, kwamba wanauza dawa wasiyoinywa wenyewe, na kwamba mtu mwenye akili achukue fedha ya ada akafungue genge.

Nilikuwa nimekasirika, na baadhi ya niliyoyasema siwezi kuyatetea. Kwa mfano, hilo la genge. Kipindi kilekile cha kuhangaika, mjomba wangu wa Morogoro, ambaye anauza chipsi katika fremu ya kupanga, alinilalamikia kwamba biashara ina watu lakini fedha haionekani. Tulikaa jioni moja nikamwuliza maswali. Sahani aliiuza 2,500. Viazi, mafuta, mkaa, mayai na kachumbari vilimla kama 1,750 kwa sahani. Yeye alihesabu kwamba anapata faida 750 kila sahani, akawa anaitumia faida hiyo kila jioni. Kodi ya fremu, shilingi 150,000 kwa mwezi, aliiona kama msiba unaomwangukia ghafla kila mwisho wa mwezi. Nilichukua kalamu nikamgawia: 150,000 kwa 750 ni 200. Yaani sahani 200 za kwanza za kila mwezi ni za mwenye fremu, na faida yake mjomba inaanzia sahani ya 201. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe miaka yote hii nilikuwa nakula kodi ya mwenye nyumba." Aliweka daftari tangu siku ile, na mpaka leo analo. Hesabu hiyo ni ya somo la uhasibu wa gharama la mwaka wa pili, wiki ya tano au ya sita, na ilifundishwa vizuri mno na mama mmoja mhadhiri aliyekuwa akiitikia shikamoo hata ya mtu aliyechelewa darasani. Kwa hiyo ninaposema shahada haina maana, naomba nisisadikiwe sana.

Mafunzo kwa vitendo, kwa upande mwingine, sikuona kitu: wiki nane za kutoa nakala na kutumwa maji ya kunywa, halafu ripoti ya kurasa thelathini kuhusu niliyojifunza.

Karatasi yangu ilipatikana bila barua. Mhadhiri wa Usimamizi wa Uendeshaji alikutana nami kwenye ngazi akaniuliza mbona nimekonda hivi, nami nikamwaga yote palepale. Hakusema neno. Alinichukua mpaka ofisini kwake, akatoa karatasi ya mahudhurio ya siku ile, akapitisha kidole: saini yangu ilikuwepo. Akafikiri kidogo, akakumbuka kwamba siku ya mtihani mkondo wetu na mkondo wa jioni tuliwekwa katika ukumbi mmoja. Akafungua bahasha ya mkondo wa jioni. Kijitabu changu kilikuwa cha nne kutoka juu, kimekwisha kusahihishwa, 47 kati ya 60. Jumla 78, yaani A. Zoezi zima halikufika dakika kumi na tano. Aliishika karatasi mkononi, akavuka ile korido ya hatua arobaini, nami nikiwa nyuma yake, akagonga mlango wa ndani ambao wanafunzi haturuhusiwi kuugonga. Kama Fayol angekuwepo angelia.

Siku mbili baadaye nilikwenda dirishani kuhakikisha alama zimeingizwa. Zilikuwa zimeingizwa. Nilisimama kidogo, nadhani nikingojea neno fulani, hata la kunung'unika. Yule mama akasema: "Si umepata? Unataka nini tena?"

Nimelitafakari jambo hili kwa muda sasa na nimejaribu kumtendea haki. Dirisha lilikuwa moja kwa wanafunzi maelfu. Kompyuta ilikuwa ya zamani na ilizimika mbele ya macho yangu zaidi ya mara moja. Hakuna aliyempa mamlaka ya kufungua bahasha za idara, na hakuna aliyempa simu ya kumpigia mratibu. Ukitumia kanuni ileile ya Little utaona kwamba hata angekuwa na tabia ya Mtume, foleni ile isingepungua. Ilihitaji dirisha la pili, au utaratibu wa mikondo kutochanganywa ukumbini. Lawama kubwa ni ya waliopanga kazi. Haya yote ninayakubali, na ningeyaandika katika jibu la mtihani nikapata alama zangu. Lakini shikamoo haihitaji kompyuta. Kuitikia "marahaba" hakuhitaji idhini ya mkuu wa skuli.

Bumu la kwanza la mwaka wa tatu lilinifikia wiki saba baada ya wenzangu. Nilihitimu na wastani wa 3.7, daraja la pili la juu, na sasa nafanya kazi kwa muuzaji wa jumla wa vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam. Nilichokifanya mwezi wa kwanza kilikuwa kuongeza mtu wa pili kwenye meza ya risiti asubuhi, na foleni ya mafundi ikaisha. Bosi wangu alinisifu, nami sikumwambia nilijifunzia wapi kuchukia foleni. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wangu wa msingi kila mwezi, na ninapoyaona makato hayo kwenye hati ya malipo siku nyingine hukubali kwamba nilipata thamani yake, siku nyingine huwaza kwamba humo ndani kuna fungu la kulipia lile dirisha, na kulipia pazia.

Binti wa mjomba amemaliza kidato cha sita mchepuo wa uchumi, biashara na uhasibu, na aliniuliza kama achague kozi hii. Nilimwambia achague, nikamwambia kwa moyo mmoja, na ada ya maombi nikamlipia mimi. Hiyo ilikuwa kabla ya juma lililopita, nilipokwenda kuchukua nakala rasmi ya matokeo yangu. Alama zote zimo, na ile 78 imo. Ila katika jina la babu yangu wameiacha herufi h, na jina hilo halilingani tena na la cheti changu cha kidato cha nne, jambo ambalo kila mwombaji wa kazi serikalini anajua linamaanisha nini. Kurekebisha, nimeambiwa, ni mpaka niende dirishani. Bado sijaenda.