Neti ya mwavuli ya kichanga: mbu inawaweza, dada mtu sasa

Naanza na bei maana najua ndo kinachotafutwa: 18,000. Muuzaji alianzia 25,000, mi na tumbo langu la miezi minane nimesimama juani mtaa wa Kongo pale Kariakoo nabishana nae, yeye mama kijacho mama kijacho nyingi ila bei haishuki, mpaka nilipogeuka kuondoka ndo akaniita. Ni zile neti za watoto wachanga za kufungua kama mwavuli, haina chini, unamfunika nayo mtoto hapo alipolala, ukimaliza unaikunja unaiegesha nyuma ya mlango. Yangu ni ya bluu, ina lesi kuzunguka na vikatuni ambavyo mpaka leo hatujakubaliana humu ndani kama ni dubu au paka.

Nimeitumia miezi mitano sasa. Na niseme mapema, nyumbani nina mwingine wa miaka minne, Nasra, anasoma chekechea anarudi saa sita na nusu mchana, kwa hiyo hii naongelea neti kwenye nyumba yenye wawili. Kama una mmoja tu na nyumba imetulia, toa nusu ya malalamiko yangu.

Siku tuliyotoka hospitali bibi yao (mama mkwe wangu, alikuja toka Tanga kunihudumia uzazi, Mungu ampe maisha marefu) alimlaza mtoto kwenye mkeka sebuleni akafungua mwavuli wake akafunika. Nasra karudi shule na begi mgongoni, kasimama mlangoni, kaangalia weee, afu kauliza: "Bibi, mbona mmemfunika kawa?"

Tulicheka mpaka mishono ikaniuma. Ila ukikaa ukifikiria mtoto hajakosea, kwetu kinachofunikwa ivo ni chapati na maandazi, na ukiona kawa maana yake chini yake kuna kitu kitamu na hutakiwi kugusa mpaka wakubwa waseme. Sasa yeye kwenye kawa anavyofanyaga tunamjua. Alisubiri tugeuke, akafunua.

Yaani nilinunua neti kwa ajili ya mbu, kumbe mbu mwenyewe namlipia ada. Si kwamba ana roho mbaya jamani, wala sikuona ule wivu niliotishiwa na kila mtu, shida yake anampenda mdogo wake kupita kiasi. Atambusu mpaka pua ibanwe. Atamvuta mguu aone kama ataamka wacheze. Kuna siku kamletea bagia, nzima, kaiweka karibu na mdomo kabisa, nilivyomuuliza akasema "si hajala toka asubuhi". Na kuna siku bibi yuko chumbani ananikanda na maji moto, natoka nakuta Nasra kaingia mwenyewe mzimamzima ndani ya neti, kajikunja, viwaya vimepinda, kamkumbatia mdogo wake na mdoli kwa pamoja, kichanga kalala wala hana habari. Nilimnyanyua taratibu mikono inatetemeka, maana mtoto wa miaka minne akipitiwa na usingizi akamlalia mtoto wa wiki mbili hamna mazungumzo tena. Toka siku hiyo kama hakuna mtu mzima sebuleni, mtoto na mkeka wake na neti yake wanahamia alipo mtu mzima, hata kama ni kwenye kikorido cha jikoni.

Kwa hiyo kama kuna mzazi anafikiria hii neti itamzuia mkubwa, haizuii. Haina zipu, haina chini, ni nyepesi, mtoto anaiinua kwa vidole viwili. Muuzaji aliniambia "mama hii hata paka haingii", labda paka wa kwao.

Aliyetuokoa ni bibi. Alimwita Nasra akamkalisha akamwambia hii sio kawa, hii ni nyumba ya mdogo wako, na nyumba ya mtu huingii bila hodi. Basi. Sisi wengine tulikuwa tunapiga kelele "usiguse usiguse" kutwa nzima na hasikii, bibi kaja na hodi tu mtoto kaelewa, maana hodi anaijua. Anasimama pembeni ya neti, hodi, sisi tunajibu kwa niaba ya mtoto, karibu, ndo anaruhusiwa kupiga magoti na kuangalia. Ukimjibu mwenyewe amelala, anaondoka. Usipomjibu anapiga hodi tatu kama alivyofundishwa afu anaondoka, na anaondoka kweli, nilijificha nikahakikisha. Hasara yake moja, hizo hodi anazipiga kwa sauti ya kuita mtu aliyeko shambani, kwa hiyo mtoto ambaye angelala mpaka saa tisa anaamka saa saba. Tukaongezea na kazi, yeye ndo mfunguaji wa mwavuli, nikimaliza kunyonyesha namuita anakuja kufungua, anakagua ndani kama kuna mbu kajificha, afu anatoa ripoti. Kazi hii anaifanya kwa heshima sana na mtu mwingine akiifungua ni kilio. Nilivyorudi kazini siku 84 za likizo ya uzazi zilipoisha ilibidi dada wa kazi afundishwe utaratibu wote, na mwalimu alikuwa Nasra. (Baba yao yeye zile siku zake 3 za likizo ziliisha kabla hata kitovu hakijadondoka, kwa hiyo hodi alikuja kuzikuta tayari ni sheria ya nyumba.)

Haya tuje kwenye mbu sasa.

Mchana iko vizuri, sina maneno. Nzi hawamgusi, na mbu wa mchana wapo msijidanganye, wale wenye madoadoa meupe miguuni ndo wa dengi na wanauma saa ambazo watu hawana habari na neti. Sie wa Dar 2019 tunaikumbuka, mimi mwenyewe ilinilaza, viungo vinauma kama nimepigwa. Kwa hiyo mtoto analala saa nne asubuhi sebuleni, mlango uko wazi, hapo mwavuli unafanya kazi yake na ndo maana siwezi kusema hela yangu imepotea.

Usiku ndo hapana. Kitu ambacho wauzaji hawasemi na mi sikuuliza ni kwamba hizi neti hazina dawa. Ni kitambaa tu. Zile za kliniki zina dawa, mbu akitua anakufa au anakimbia, hii mbu anatua anatulia anasubiri. Na kwa sababu ni ndogo, mtoto akinyoosha mkono unagusa ukuta wa neti, na mkono ukigusa umekwisha, anang'atwa akiwa ndani ya neti. Wiki ya tatu niliamka nikakuta vidole vya mkono wa kulia vimejaa, vinne kwa mstari. Kuanzia hapo usiku analala pembeni ya kitanda chetu ndani ya neti kubwa yenye dawa, mwavuli unabaki sebuleni.

Hapa kuna jambo siwezi kuliruka ingawa halihusu neti niliyonunua, linahusu ambayo sikununua. Kabla mdogo wake hajaja Nasra alikuwa analala na sisi. Tukamhamishia chumba cha pili na bibi, na neti ya kile chumba ilikuwa ya siku nyingi, ina matundu tumeyafunga fundo, mnajua ile neti inakuwa na mafundo mpaka inafupika. Nilikuwa naiona kila siku. Nasema kesho. Akili yote iko kwa kichanga, kitovu, manjano, kanyonya hajanyonya. Mtoto kafika wiki saba, Alhamisi moja Nasra karudi shule kapoa, hataki chakula, hapigi hodi. Hiyo ndo ilinishtua, hapigi hodi. Jioni mwili wa moto. Zahanati wakamtoboa kidole wakapima, malaria. Tukapewa dawa ya mseto, asubuhi na jioni siku tatu, na mnaijua kumeza dawa na mtoto wa miaka minne ilivyo vita. Tuko kwenye bajaji tunarudi kaniegemea, akaniuliza, "Mama, na mimi mtaninunulia kawa yangu?"

Mi nilisimama saa nzima Kariakoo nachagua lesi ya bluu au ya pinki.

Na sasa sikilizeni ujinga wenyewe. Neti mpya yenye dawa ilikuwa ndani! Ile nilipewa kliniki nilivyoanza kuhudhuria mimba, niliiweka kabatini kwenye nailoni yake nikisema namtunzia mtoto akikua. Tukaifungua usiku uleule, tukaianika kivulini kama wanavyoelekeza, isiwe juani maana jua linaua dawa, usiku ule Nasra akalala na mimi na mdogo wake, baba yao akaenda kulala na mafundo. Kesho yake ikafungwa chumbani kwa bibi. Nasra alisimama juu ya kitanda akakagua pembe zote nne akatoa ripoti. Kwa hiyo kama unasoma hapa unataka kununua mwavuli, kabla hujatoka nyumbani nenda kaangalie kwanza neti ya mkubwa. Elfu 18 hiyo itasubiri. Na nesi kaniambia mdogo akienda chanjo ya surua miezi 9 anapewa nyingine, hiyo haiingii kabatini.

Ubora wa kitu chenyewe sasa. Viwaya ni vyepesi, kimoja kilichomoka mwezi wa tatu (baada ya ule mkutano wa ndani na mdoli, sitamlaumu muuzaji kwa hilo), nikakirudisha nikashona na uzi wa nguo kinashika mpaka leo. Ncha yake ilivyochomoka ilikuwa kali lakini, muwe mnapitisha mkono kukagua. Kufua ni rahisi, beseni, sabuni ya unga kidogo, usikamue, inakauka ndani ya saa moja. Lesi imeshakuwa rangi ya chai. Joto ndo tatizo la kweli, kitambaa kimesukwa karibukaribu upepo haupiti vizuri, feni ikiwepo sawa, umeme ukikatika mchana wa Februari ndani ya dakika kumi mtoto shingo imelowa. Bibi alikuwa anafunua upande mmoja anampepea na kipepeo cha ukili, anaimba, anasinzia yeye kabla ya mtoto.

Wifi yangu yeye alinunua ile ya zipu, yenye kigodoro na kimto kabisa, alitoa 35,000. Nimekaa nayo siku mbili alipokuja kutembea. Kimto kitoe, nesi alishatuambia kichanga alale chali na bila mto, sijui kwanini wanaviuza pamoja. Kigodoro chembamba kama kitenge kimekunjwa. Ila ina faida mbili ambazo kwa nyumba kama yangu ni kubwa. Ya kwanza sisimizi hawaingii, maana ina chini. Mtoto anacheua maziwa, sisimizi wa hapa wanasikia harufu toka nje ya geti, na hii yangu ya mwavuli ilinibidi nisogeze mkeka kila siku kama nahama nyumba. Ya pili ni kelele ya zipu. Mkubwa akigusa unasikia zrrrr ukiwa jikoni. Kwa hiyo kama una mkubwa mwenye mapenzi kama ya wangu, jikaze uongeze hela uchukue ya zipu, bila kimto.

Muda wa matumizi ni mfupi pia, mjiandae. Mtoto wangu kaanza kujigeuza sasa hivi, miezi mitano, anabingirika na neti inabingirika nae, wiki iliyopita nimemkuta lesi iko mdomoni na mguu umenasa kwenye kitambaa. Siku hiyohiyo nikaistaafisha. Ukipiga hesabu ni 3,600 kwa mwezi, nisingesema ghali.

Nyota tatu kati ya tano. Ingekuwa mbu wa mchana na nzi peke yao ningeipa nne, nimekata moja kwa sababu ya joto na sisimizi. Ya mkubwa kufunua sikuikata, hiyo tulijimalizia wenyewe.

Na haijatupwa. Juzi bibi kaja tena kutusalimia, kakaanga maandazi ya kuondoka nayo, Nasra kaenda nyuma ya mlango kaichukua kaifungua kafunika sinia zima, dubu na paka juu ya maandazi. Baba yake kapita jikoni, kanyoosha mkono anyofoe moja, kaambiwa apige hodi kwanza. Kapiga. Kajibiwa mwenyewe amelala.