Nakala ya mchoro wa machipuko wa Pissarro: uzoefu wangu

Mwezi Machi niliagiza kwa intaneti nakala ya mchoro wa Camille Pissarro unaoonyesha bustani ya mboga na miti iliyochanua huko Pontoise, mji ulio kaskazini-magharibi mwa Paris, ambako mchoraji huyo aliishi kuanzia 1872 hadi 1882. Mchoro wenyewe, wa mwaka 1877, niliwahi kuuona katika jumba la makumbusho la Orsay, na tangu siku hiyo nilitamani kuwa nao ukutani.

Nakala ilifika baada ya siku tisa ndani ya bomba gumu la karatasi, haina mkunjo wala doa. Imechapwa kwenye turubai, na rangi za anga na mapaa ya nyumba zimetoka vizuri kuliko nilivyotarajia. Maua ndiyo yaliyopungukiwa. Katika mchoro halisi rangi nyeupe imewekwa kwa miguso mifupi ya brashi, tabaka juu ya tabaka, hata ukisogea karibu huoni ua lolote bali rangi nzito iliyoganda, na ukirudi nyuma hatua tano au sita mti mzima unachanua mbele yako. Nakala haina unene huo: uisogelee au ujitenge nayo, weupe ni uleule, laini kama shuka iliyopigwa pasi. Kwa hilo simlaumu muuzaji, kwa kuwa mashine hutandaza wino tu.

Kilichoniudhi ni vipimo. Mchoro halisi una upana wa sentimita 81 na kimo cha sentimita 65.5, nami niliagiza 70 kwa 50 kwa sababu fremu za kipimo hicho hupatikana kwa urahisi. Ili picha ienee, muuzaji alikata zaidi ya sentimita sita za kimo bila kuniarifu, nyingi zikiwa za chini, penye mboga. Pissarro alipenda kuchora ardhi inayolimwa. Ukiiondoa, inabaki picha ya kalenda. Nilipolalamika nilirudishiwa theluthi ya bei. Anayetaka kuagiza achague 60 kwa 48.5, kisha fremu aitengenezee kwa fundi.

Yangu nimeitundika ubavuni mwa dirisha la mashariki, ambapo mwanga wa asubuhi huikwaruza turubai na kuzitokeza nyuzi zake, na kwa muda wa saa moja hivi yale maua hupata uhai kidogo. Naipa nyota tatu kati ya tano.