Atlasi ya barabara ya Rand McNally kwa anayepanga kuvuka Nyanda Kuu za Marekani

Mtu anayepanga kuvuka Nyanda Kuu za Marekani kwa gari, kuanzia Mto Missouri hadi miguuni pa Milima ya Rocky, anahitaji kwanza kifaa kitakachomwonyesha mahali pasipo na kitu. Kupotea njia si hatari kubwa huko, kwa sababu barabara ni chache na nyingi zimenyooka. Linalomsumbua msafiri ni umbali ulio kati ya mji na mji, kati ya pampu moja ya mafuta na nyingine, na kati ya nyumba ya wageni aliyoipita jioni na ile atakayoifikia giza likiwa limeshaingia. Nimetumia programu za ramani za simu na nimetumia vitabu, na kwa kazi hii mahususi ya kupanga safari kabla ya kuwasha gari, sijaona kinachoishinda atlasi ya barabara ya Rand McNally.

Rand McNally ni kampuni iliyoanzia Chicago katika karne ya 19, ikichapisha tiketi na ratiba za reli kabla ya kugeukia ramani. Atlasi yake ya kwanza ya barabara ilitoka mwaka 1924, na siku hizi toleo jipya hutoka kila mwaka. Ni kitabu kipana chenye jalada laini, kinachofunika mapaja yote ya mtu akikifungua akiwa amekaa, na ndani yake mna majimbo yote 50 ya Marekani pamoja na Kanada na Mexico. Wapo wanaoulalamikia upana huo kwa sababu kitabu hakipati pa kuwekwa garini, lakini kwangu ndio sababu ya kwanza ya kukinunua. Simu ikionyesha jimbo zima la Nebraska hulazimika kuficha majina ya miji midogo ili kioo kisijae. Ukivuta ramani karibu ili uyaone majina hayo, jimbo lenyewe linatoweka. Kwenye karatasi vyote viwili hukaa pamoja. Unaiona Interstate 80 yote, yaani barabara kuu ya kitaifa inayolikata jimbo hilo, maili 455 au kilomita zipatazo 732 kutoka Omaha hadi mpaka wa Wyoming, na papo hapo unakiona kijiji chenye nyumba chache kilichoandikwa kwa herufi ndogo kuliko zote.

Herufi hizo zina maana, kwani ukubwa wake hufuata ukubwa wa mji, na anayejua kuzisoma amekwisha kujua nusu ya safari yake. Pitisha macho juu ya kurasa za Nebraska, Kansas au South Dakota kutoka mashariki kwenda magharibi, nawe utaona wino ukipungua. Upande wa mashariki majina yamesongamana. Ukikaribia longitudo ya 100, ambayo hupita katika mji wa Cozad huko Nebraska, yanaanza kuachana, na mbele yake karatasi inabaki nyeupe kwa sehemu kubwa. Mchapishaji hakuruka kitu. John Wesley Powell, mwanajiolojia na mpelelezi wa magharibi ya Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 1878 kuhusu ardhi kavu za Marekani, aliutumia mstari huo wa longitudo kama mpaka wa nchi inayoweza kulimwa kwa kutegemea mvua peke yake. Magharibi yake mvua ya mwaka hushuka chini ya inchi 20 hivi, yaani milimita 500, na watu waliohamia huko wengi walishika ufugaji wa ng'ombe unaohitaji ardhi pana na mikono michache. Pasipo na watu hapana mji, na pasipo na mji hapana mafuta, chakula wala fundi wa magari. Weupe wa karatasi kwa hiyo ni taarifa kamili, na ndiyo taarifa ambayo mpangaji wa safari anaihitaji kuliko nyingine yoyote.

Mahali pengine ukurasa unaonyesha safu ya majina yaliyofuatana kwenye mstari mmoja kwa nafasi zinazokaribiana. Hiyo mara nyingi ni alama ya reli ya zamani, maana garimoshi la mvuke lilihitaji kujaza maji kila baada ya mwendo fulani, na mkulima mwenye mkokoteni wa farasi alipaswa kufikisha nafaka yake stesheni na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ukifuata safu kama hiyo utapita mji baada ya mji, ingawa si kila mji uliobaki kwenye ramani ungali na duka.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi kitabu hiki kinavyofanya kazi. Tuseme msafiri amefika Grand Island, katikati ya Nebraska, na anataka kuendelea magharibi. Simu itampa Interstate 80 bila kusita, nayo ni njia nzuri: inafuata bonde la Mto Platte, bonde lile lile lililofuatwa na misafara ya mikokoteni iliyokwenda Oregon na California katika karne ya 19, na haikosi mafuta wala chakula. Atlasi iliyofunguliwa mezani inamwonyesha jambo la pili ambalo simu hailitaji, yaani barabara ya jimbo namba 2, inayopanda kuelekea kaskazini-magharibi kupitia Broken Bow, Thedford, Mullen na Hyannis hadi Alliance, mwendo wa maili zipatazo 272, sawa na kilomita 438. Kandokando ya mstari wake kuna vidoa vinavyomaanisha barabara yenye mandhari ya kupendeza, na katika hili mchapishaji hakukosea hata kidogo. Njia hiyo inakata Sandhills, vilima vya mchanga vilivyofunikwa na nyasi katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 50,000, ambavyo hakuna vinavyovizidi kwa ukubwa katika nusu ya magharibi ya dunia. Sambamba na barabara ipo reli ambamo treni ndefu za makaa ya mawe hupita zikitoka Wyoming. Kwa maoni yangu, aliyevuka Nebraska bila kuipita njia hii ameiona mito na mashamba, lakini nyanda zenyewe hajaziona.

Ukurasa huo huo unampa onyo. Kati ya Hyannis na Alliance kuna takriban maili 60 ambamo majina machache yaliyoandikwa ni ya vijiji vidogo mno, na mtu mwenye busara hatavitegemea kwa mafuta. Kanuni ya kupanga inayotokana na kutazama karatasi ni nyepesi: katika njia kama hii tangi hujazwa katika kila mji wenye pampu, hata kama limebaki zaidi ya nusu.

Sehemu ya kitabu ninayoithamini zaidi wakati wa kupiga hesabu ni tarakimu ndogo zilizopangwa kando ya barabara. Nyeusi hutoa maili kati ya makutano na makutano, na nyekundu hujumlisha maili kati ya alama nyekundu zilizo mbali zaidi, hivyo mtu anaweza kukadiria mwendo wa siku nzima kwa penseli bila kugusa mashine yoyote. Zipo pia namba za njia za kutokea kwenye barabara kuu, ambazo katika majimbo ya nyanda, kwa barabara ziendazo mashariki na magharibi, hufuata maili zinazohesabiwa kutoka mpaka wa magharibi. Kwa hiyo njia ya kutokea namba 131 na ile namba 110 kwenye Interstate 90 huko South Dakota zimeachana kwa maili 21. Nimezitaja hizo mbili kwa makusudi, kwa kuwa barabara namba 240 huachana na barabara kuu kwenye ile ya kwanza, ikapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Badlands na kurudi katika mji wa Wall kwenye ile ya pili. Anayepanga kwa atlasi anaiona hifadhi kama eneo la kijani lililokaa kusini kidogo ya njia yake, na anagundua kwamba kuipitia kunarefusha safari kwa maili zisizofika 30. Anayefuata mshale wa simu anaweza kupita hapo bila kujua ameacha nini.

Mistari ya kanda za saa imechorwa pia, jambo linalosahaulika kwa urahisi hadi mtu anapochelewa. Saa hubadilika ndani ya jimbo lenyewe huko Nebraska, Kansas na Dakota zote mbili: North Platte na Ogallala ziko kwenye Interstate 80 hiyo hiyo lakini zimepishana saa moja, na ndivyo ilivyo kwa Thedford na Mullen kwenye barabara namba 2. Anayekwenda magharibi hupata saa ya ziada, na anayerudi mashariki huipoteza, pengine jioni ile ile ambayo mapokezi ya nyumba ya wageni yanakaribia kufungwa.

Kuna matumizi mengine ambayo watu wengi hawayafikirii wanaponunua atlasi, nayo ni usalama wakati wa dhoruba. Mei na Juni ni miezi ambayo tornado, yaani vimbunga vya nchi kavu, na mvua ya mawe huzidi katika nyanda hizi. Redio ya hali ya hewa ya serikali, inayorushwa saa zote kwa masafa saba kati ya megahezi 162.400 na 162.550, hutaja maeneo ya hatari kwa majina ya kaunti. Mgeni anayesikia kwamba kaunti fulani ina tornado hawezi kujua kama anaelekea huko au anatoka huko, isipokuwa awe na ramani yenye mipaka ya kaunti, na kurasa za Rand McNally zimeichora mipaka hiyo pamoja na majina yake. Ningemshauri kila anayekaa pembeni mwa dereva azungushie kwa penseli kaunti za siku hiyo kabla ya kuondoka asubuhi. Ni kazi ndogo, na wakati anga linapogeuka rangi hakuna nafasi ya kuanza kutafuta.

Kasoro zipo, na baadhi yake si ndogo. Majimbo yamepangwa kwa alfabeti, si kwa ujirani, kwa hiyo anayevuka kutoka Iowa kwenda Nebraska na kisha Wyoming atapekua kitabu mbele kila anapofika mpaka. Skeli, yaani uwiano wa ramani na umbali halisi, nayo hubadilika kutoka jimbo hadi jimbo, na hapa ndipo msomaji asiye makini hudanganyika: umbali uliopimwa kwa kidole kwenye ukurasa mmoja haulingani na umbali wa kidole hicho hicho kwenye ukurasa mwingine. Kila ukigeuza ukurasa, tazama mstari wa skeli upya. Barabara ndogo za changarawe zimeachwa nyingi, na zile zilizochorwa zina tahadhari kwenye ufunguo wa ramani kwamba hali yake hubadilika na kwamba ni vema kuwauliza wenyeji kwanza. Tahadhari hiyo ichukuliwe kwa uzito, kwa kuwa katika sehemu za Wyoming na Dakota udongo wa mfinyanzi ukilowa hugeuka tope zito linalonasa hata gari lenye nguvu. Mwenye kutaka kutembelea barabara hizo atafute atlasi ya jimbo moja moja yenye ramani za kina, maana hii haikukusudiwa kazi hiyo.

Zaidi ya hayo, karatasi haijui kilichotokea leo. Haionyeshi vituo vya mafuta, wala haiwezi kukwambia kwamba barabara imefungwa. Upungufu huu huwa mkubwa wakati wa baridi, pale upepo na theluji vinapofunga Interstate 80 katika Wyoming, hasa kati ya Laramie na Rawlins, na mageti hushushwa kwenye njia za kuingilia. Huduma ya simu namba 511, inayoendeshwa na majimbo yenyewe, ndiyo inayojaza pengo hilo, na anayesafiri kati ya Novemba na Aprili aipigie kila asubuhi kabla ya kulipa chumba na kuondoka. Simu ina nafasi yake pia: ndani ya mji, kutafuta pampu iliyo wazi, au kujua hali ya anga. Lakini mawimbi ya simu hukatika kwa masafa marefu katika Sandhills, na anayeitegemea lazima awe amepakua ramani za maeneo hayo angali na mtandao.

Kuhusu toleo la kununua, lile la kawaida linawatosha wengi, na kwa kawaida bei yake haifiki gharama ya kujaza tangi la gari mara moja. Kuna toleo lenye ramani zilizokuzwa na kufungwa kwa waya mgongoni, linalokaa wazi lenyewe mezani au mapajani. Wenye macho yaliyochoka wasisite kuongeza dola chache walichukue hilo. Wanaovuta nyumba ya magurudumu au kuendesha gari refu kwa kimo watazame lile la madereva wa malori, kwa sababu linaorodhesha madaraja ya chini na njia zenye masharti. Toleo la mwaka uliopita, ambalo mara nyingi huuzwa kwa bei pungufu, linafaa bila wasiwasi katika nyanda zenyewe, kwa kuwa barabara mpya huko ni nadra na Interstate 80 ya Nebraska ilikamilika tangu mwaka 1974. Denver, jiji la jimbo la Colorado, ni habari nyingine, maana barabara za mji ule hujengwa na kupanuliwa mara kwa mara, na hapo ni bora kufuata simu.