TeachEngineering na ASEE, maktaba na jumuiya ya elimu ya uhandisi: kipi cha mwalimu wa shule, kipi cha mhadhiri

Mwalimu anayeingia tovuti ya TeachEngineering kwa mara ya kwanza huandika mada anayoitaka, hufungua shughuli ya kwanza yenye picha nzuri, hupakua karatasi ya mwanafunzi, kisha huyo anaondoka. Ameacha nyuma kitu chenye thamani kuliko vyote. Karatasi ya mwanafunzi unaweza kuitunga mwenyewe jioni moja. Kisichotungika jioni moja ni ile aya fupi iliyo karibu na mwisho wa ukurasa, inayosema ni kitu gani huharibika darasani na kinarekebishwaje.

TeachEngineering ni maktaba ya bure ya masomo ya uhandisi, iliyotengenezwa kwa ajili ya shule za Marekani, kuanzia chekechea hadi darasa la 12. Inaendeshwa kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, na ilijengwa kwa fedha za Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani, NSF. Vilivyomo vimepangwa kwa ngazi: mfululizo wa mada nzima, chini yake masomo, na chini ya masomo shughuli za mikono. Kando yake kuna changamoto za ubunifu zenye maelekezo machache kwa makusudi, na vipande vifupi viitwavyo Sprinkle kwa ajili ya vilabu na vipindi vya baada ya shule, ambavyo hupatikana pia kwa Kihispania.

Ngazi hizo si mapambo. Kosa la kawaida kabisa ni kuchukua shughuli bila somo lake. Kila ukurasa wa shughuli una sanduku juu linaloonyesha darasa lengwa, muda, gharama kwa kikundi, idadi ya wanafunzi katika kikundi, na kama shughuli hiyo inategemea somo jingine. Wengi hutazama darasa na muda tu. Ikiwa sanduku linataja somo tegemezi, basi dhana ambayo wanafunzi wanatakiwa kuitumia imefundishwa huko, na ukiruka utabaki na watoto wanaobandika vijiti bila kujua nguvu inapita wapi.

Gharama nayo isomwe kwa uangalifu. Inayotajwa ni ya vitu vinavyotumika na kuisha, kama mirija, gundi na pamba. Mizani, bunduki ya gundi ya moto na saa ya kusimamisha havimo kwenye hesabu hiyo. Shughuli nyingine zimekaa humo miaka mingi, kwa hiyo bei ichukuliwe kama dokezo tu. Vipimo vingi viko kwa inchi, futi na galoni. Anayebadili kuwa metriki abadilishe na jedwali la matokeo, la sivyo wanafunzi watakata kwa sentimita na kujaza kwa inchi.

Kuhusu muda, kanuni yetu ni moja: ongeza theluthi moja mara ya kwanza. Dakika 50 zilizoandikwa hudhani vifaa vimeshagawanywa na hakuna anayefagia mchanga mwishoni.

Tuchukue shughuli ya kuchuja maji, maana ndiyo inayofundishwa kila mahali na ndiyo inayoharibika kila mahali. Vifaa ni rahisi: chupa ya plastiki ya lita 2 iliyokatwa katikati, nusu ya juu ikageuzwa mdomo chini ndani ya nusu ya chini, kipande cha kitambaa na mpira wa kufungia mdomo, pamba, mkaa amilifu, mchanga laini, mchanga mkubwa na changarawe. Maji machafu yapite kwenye changarawe kwanza na kumalizia kwenye pamba, kwa hiyo wanaopanga huanza na pamba chini na kumaliza na changarawe juu. Kikundi kinachoweka mchanga laini juu kabisa kitaona chujio limeziba baada ya vikombe viwili. Hilo si baya, ni somo zuri, ila mwalimu awe anajua sababu: chembe zote kubwa zimekamatwa kwenye sentimita ya kwanza.

Sasa matatizo. Maji ya kwanza hutoka meusi kuliko yaliyoingia, na nusu ya darasa huamua kuwa uhandisi ni uongo. Hiyo ni vumbi la mkaa na udongo wa mchanga ambao haukuoshwa. Osha mchanga kwenye ndoo, ukimwaga na kujaza tena mpaka maji ya kuoshea yawe angavu. Kisha pitisha vikombe viwili vya maji safi kwenye chujio na uyamwage kabla ya kuanza kupima. Tatizo la pili halionekani kirahisi: maji huteremka kando ya ukuta wa chupa badala ya kupita katikati ya mchanga, hivyo chujio linaonekana la haraka na halisafishi chochote. Dawa yake ni kuulowesha mchanga na kuigonga chupa polepole kila tabaka linapowekwa. La tatu ni kumimina kwa nguvu mpaka kunachimbika shimo katikati. Mimina juu ya kijiko kilichogeuzwa.

Upimaji ndipo shughuli inapogeuka kuwa uhandisi au inapobaki kuwa mchezo. Kusema tu kwamba maji yamesafika hakutoshi. Chora msalaba kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi, weka juu yake gilasi ya kioo yenye kuta zilizonyooka, na mimina maji polepole mpaka msalaba usionekane. Kina cha maji kwa milimita ndicho kipimo. Kila kikundi kiingize mililita 250 za maji yaleyale yaliyokorogwa muda huohuo, na saa isimamishwe zikishatoka mililita 200. Usisubiri zote 250, kwa sababu mchanga hubaki na maji yake na tone la mwisho linaweza kuchukua robo saa. Hapo kila kikundi kina namba mbili zinazovutana, usafi na kasi, na mjadala unaanza wenyewe. Na liandikwe ubaoni kwa herufi kubwa: maji haya hayanyweki. Chujio hili huondoa tope; haliui vijidudu.

Hatua za usanifu wa kihandisi zinazotumiwa na maktaba hii ni saba: kuuliza tatizo ni lipi na mipaka yake ni ipi, kutafiti, kubuni masuluhisho mengi, kuchagua moja na kulipangia, kujenga mfano wa awali, kuujaribu, na kuuboresha. Hatua ya saba ndiyo inayokatwa kengele inapokaribia. Ni hasara kubwa, maana bila jaribio la pili hakuna tofauti kati ya somo hili na kazi za mikono. Kama una vipindi viwili tu, afadhali uwape wanafunzi chujio la kwanza likiwa limeshapangwa vibaya, walijaribu, kisha kipindi cha pili wote walirekebishe. Utapoteza sehemu ya ubunifu, lakini hatua ya saba itabaki.

Ukurasa huorodhesha pia viwango vya mtaala, vikiwemo vile vya sayansi vya NGSS vilivyotolewa mwaka 2013, ambavyo viliuweka usanifu wa kihandisi ndani ya somo la sayansi. Orodha ni ndefu na inapendeza kwenye mpango wa kazi wa mwalimu. Tahadhari: kutajwa kwa kiwango hakumaanishi shughuli inakitimiza chote. Kiwango cha MS-ETS1-4, kwa mfano, kinadai mwanafunzi atengeneze modeli ya kuzalisha data kwa majaribio ya kurudiarudia. Chujio lililojaribiwa mara moja halijafika huko.

Maktaba ina upungufu mmoja usiotibika kwa kuongeza kurasa: haiwezi kukujibu. Mwalimu aliyekwama anahitaji watu, na hapo ndipo inapokuja Jumuiya ya Marekani ya Elimu ya Uhandisi, ASEE. Ilianzishwa Chicago mwaka 1893, ikachukua jina lake la sasa mwaka 1946, na makao yake yako Washington, D.C. Ni jumuiya ya watu wa vyuo vikuu kwanza. Hilo mwalimu wa shule alijue kabla ya kutoa hata dola moja. Kati ya vitengo vyake vingi, kinachomhusu moja kwa moja ni kile cha elimu ya uhandisi kabla ya chuo. Akijiunga na jumuiya bila kukitafuta kitengo hicho, atajikuta akipokea matangazo ya nafasi za uprofesa na mijadala ya ithibati ya ABET, chombo kinachoidhinisha programu za uhandisi za vyuo.

Hazina kubwa ya ASEE iko wazi kwa yeyote, mwanachama na asiye mwanachama: ghala la makala za mikutano liitwalo PEER, lenye makala tangu mwaka 1996. Kutafuta humo kunahitaji ujanja kidogo. Usianze na mada pana kama madaraja, utapata mamia. Anza na jina la kitengo na kiwango cha darasa, kisha ongeza aina ya makala. Kitengo cha kabla ya chuo hupokea aina fupi iitwayo Resource Exchange, ukurasa mmoja au miwili, inayoeleza somo moja lililokwisha kufundishwa: vifaa, hatua, muda. Kwa mwalimu wa shule hiyo ndiyo sehemu bora ya ghala lote, na pia ndiyo mlango mwepesi zaidi wa kuingiza kazi yake mwenyewe.

Makala kamili ni safari nyingine. Ikisiri, yaani muhtasari wa makala, huwasilishwa majira ya vuli, ikikubaliwa unaandika rasimu, wahakiki wanaisoma, unarekebisha, na toleo la mwisho linaingia kabla ya mkutano mkuu wa Juni. Asiyechapisha hapandi jukwaani. Makala hukwama mahali palepale mwaka hadi mwaka. La kwanza ni ikisiri inayoahidi data ambayo bado haijakusanywa. Miezi michache baadaye rasimu inakuja na utangulizi mnono na jedwali tupu. Kazi ambayo haijaiva iitwe kazi inayoendelea tangu mwanzo, kwani aina hiyo ipo na ni fupi. La pili ni ushahidi wa dodoso moja linaloonyesha wanafunzi walifurahia. Kufurahi si kujifunza, na mhakiki atalisema hilo katika sentensi yake ya kwanza. Leta kazi za wanafunzi za kabla na baada, zilizosahihishwa kwa jedwali lilelile la alama. La tatu huua makala nzuri kabisa: kibali cha bodi ya maadili ya utafiti kikiombwa baada ya data kukusanywa. Kwa watoto wa shule kuna pia idhini ya mzazi na ruhusa ya wilaya ya shule, na hayo huchukua muda mrefu kuliko utafiti wenyewe.

Mhadhiri ana mengine ya kuchukua. Semina ya ASEE ya ufundishaji bora iitwayo NETI, iliyoanza mwaka 1991 chini ya Richard Felder, Rebecca Brent na James Stice, inafundisha mambo ambayo shahada ya uzamivu haikugusa: kuandika malengo yanayopimika, kuvunja mhadhara kila baada ya dakika chache kwa kazi ya wawili wawili, kutunga mtihani unaomalizika kwa wakati. Kipimo chao cha mtihani kinafaa kubandikwa ukutani: ikiwa mwalimu mwenyewe anahitaji zaidi ya theluthi moja ya muda kuumaliza, mtihani ni mrefu mno. Kuhusu majarida, Journal of Engineering Education linataka utafiti wenye nadharia na mbinu. Ukiwa na ubunifu wa darasani uliopimwa vizuri, Advances in Engineering Education ndiyo anwani. Anayeandika kuhusu wanafunzi wa shule apeleke J-PEER, jarida la Chuo Kikuu cha Purdue linalosomwa bure, ambalo si lile ghala la PEER.

Daraja la kweli kati ya pande hizi mbili ni mpango wa NSF uitwao RET, unaowapeleka walimu kwenye maabara za vyuo vikuu wakati wa kiangazi, kwa kawaida wiki sita, wakilipwa posho. Masharti ni kwamba utafiti urudi darasani ukiwa somo, na masomo mengi ya TeachEngineering yametoka huko. Unapochagua kituo, yaani chuo kinachopokea walimu wa RET, usidanganywe na jina la maabara. Uliza mwalimu atakuwa na mshauri yupi kila siku, na ni wiki ngapi zimetengwa kwa kuandika somo. Kituo kinachojaza wiki zote sita kwa majaribio na kuacha uandishi uwe kazi ya nyumbani hutoa masomo yenye umbo la ripoti ya maabara: maelezo marefu ya mashine ambayo hakuna shule iliyonayo, na shughuli ya dakika kumi mwishoni.

Kwa hiyo mwalimu wa shule aanze na maktaba, muhula mzima, kisha makala fupi za PEER. Ada ya uanachama ingoje mpaka awe na somo la kupeleka mkutanoni. Mhadhiri afanye kinyume: kitengo cha ASEE kwanza, apite semina, na maktaba aifungue siku atakapotaka kushirikiana na shule ya jirani. Atakapoifungua, asome ile aya ya matatizo kabla hajaagiza mchanga.