GPS ya mtumbwi wa tanga: nimebaki na ile inayoelea

Jaribio la mwisho nililifanya saa nane usiku, kwenye Ziwa Victoria, katikati ya Nansio, kisiwani Ukerewe, na Igombe, karibu na mji wa Mwanza. Nilimkabidhi mpwa wangu kifaa cha GPS, kile kinachopokea mawimbi ya setilaiti na kukuonyesha ulipo, nikamwambia, "Haya, tupeleke nyumbani," nikajifunika turubai nikakaa kimya. Ana miaka 19 na alikuwa hajawahi kushika GPS kabla ya wiki ile. Nilitaka kujua jambo moja tu: siku nikianguka majini mimi, au homa ikinikamata njiani, huyu kijana atafika?

Ndiyo kusema maoni yangu hapa ni ya mtu mwenye mtumbwi wa mbao wa futi 22, tanga moja, makasia mawili, bila mashine. Nabeba machungwa na viazi vitamu kutoka Ukerewe, narudi na sukari, sabuni na mabati mawili matatu ya mtu anayejenga. Mwenye boti yenye jenereta ana mahitaji mengine.

Wazee wetu walivuka bila hivi vitu, na mimi nilivuka hivyohivyo miaka mingi. Kilichonigeuza ni taa. Zamani usiku wa giza ukiona mwanga mkubwa upande wa kusini, ule ni mji wa Mwanza, unaelekeza omo, yaani mbele ya mtumbwi, huko unatulia. Siku hizi mwezi ukizama wavuvi wa dagaa wanajaa ziwani na taa zao za sola, ukitazama kwa mbali utaapa ni mtaa mzima. Mwaka juzi mvua ilitushukia, mwanga wa mji ukafutika, taa za dagaa zikabaki. Tulizifuata saa mbili nzima tukiamini ni Igombe. Kulipopambazuka tulikuwa tunatazama ufuko ambao hakuna kati yetu aliyeutambua. Dira nilikuwa nayo mfukoni, lakini dira inakuonyesha kusini ni wapi, haikwambii wewe uko wapi.

Nilianza na simu, kama kila mtu. Simu inapokea mawimbi ya setilaiti hata pasipo mtandao, wengi hawalijui hili, na ukiwa umepakua ramani ya programu ya OsmAnd kabla ya kuondoka utaona nukta yako ikitembea juu ya ziwa. Mchana wa utulivu inafaa sana. Ila jua la saa saba linaua skrini, huoni kitu mpaka uingize kichwa ndani ya kanga. Na vidole vikilowa, skrini ya kugusa inafanya inavyotaka: unagusa hapa inafunguka kule. Yangu ilitumbukia karibu na Kayenze nikiwa naipangusa kwenye shati. Sikupoteza GPS tu siku ile, nilipoteza na namba za wateja wote.

Kisha nikaenda dukani mjini, duka silitaji, nikaeleza nina mtumbwi. Kijana akaniletea kifaa cha skrini kubwa, sauti ya kike, akasema, "Mzee wangu, hii inafika popote." Ilikuwa ya gari. Inatafuta barabara, na ziwani hakuna barabara. Kila nikiipa Nansio inataka nizunguke nchi kavu. Nilirudisha, nikarejeshewa nusu ya hela. Mtu akikuuzia GPS muulize swali moja: inaweza kunichorea mstari ulionyooka kutoka hapa hadi kule? Akibabaika, toka.

Garmin eTrex 10 niliiazima kwa rafiki anayepima mashamba, nikakaa nayo wiki tatu. Ni ndogo, inajaa kiganjani, skrini yake haina rangi na kwa hiyo juani inasomeka vizuri kuliko simu yoyote. Inatumia betri mbili za AA, na kiwandani wanaihesabia saa 20 na zaidi. Kwa bei ndogo sijaona kinachoishinda. Lakini ina mambo mawili ambayo mtu wa tanga lazima ayajue. La kwanza, haielei. Maji haiyaogopi, imejengwa kuvumilia kina cha mita 1 kwa nusu saa, ila ikikuponyoka inakwenda chini, na ziwa hili lina sehemu za mita 80. La pili ndilo lililonisumbua zaidi: haina dira ya umeme ndani. Mshale wake unajua upande kwa kulinganisha ulipokuwa na ulipo sasa. Mwenye mashine hatagundua kasoro hiyo maana yeye anakwenda wakati wote. Sisi upepo ukikatika tunakaa palepale, na mshale unaanza kuzunguka kama kuku aliyepoteza vifaranga, wakati ndipo unapohitaji kujua upige kasia kuelekea wapi.

Garmin Striker 4 niliiona kwa jamaa wa sangara. Hii inafungwa chomboni, inasoma kina na samaki, na ina GPS ya kuhifadhi vituo, yaani alama za mahali, ingawa haina ramani. Kwa mvuvi mwenye mashine ningesema nunua. Kwangu inataka betri ya volti 12, kama ya pikipiki, na kipima kina chake kinakaa chini ya tezi, nyuma ya mtumbwi, mahali hasa panaposuguana na mchanga kila tunapovuta mtumbwi mwaloni, pale ufukoni vyombo vinapotua. Nikaiacha.

Sasa niliyoinunua: Garmin GPSMAP 78s, iliyotumika, kwa laki nne na nusu. Siyo mpya sokoni, iliyoifuata ni 79s, nayo inaelea vilevile. Neno "inaelea" nililithibitisha mwenyewe. Nilisimama kwenye maji ya kiuno pale mwaloni Igombe, mke wangu akiwa ufukoni amejishika kichwa, nikaitupa. Ikazama kidogo ikaibuka, ikalala juu ya maji skrini ikiwaka. Nadhani hapo ndipo mke wangu alipoacha kununa kwa zile laki nne.

Vitufe vyake viko juu ya skrini, si chini yake, kwa hiyo kidole gumba kinabonyeza na bado unaona unachofanya. Ni vya mpira, unavibonyeza mkono ukiwa na maji, na magamba, na tope. Herufi "s" kwenye jina msiipuuze: 78 tupu haina dira ya umeme, 78s inayo. Ndiyo tofauti niliyoilipia. Usiku ule wa jaribio upepo wa nchi kavu ulikatika ghafla, nikasikia kutoka chini ya turubai:

"Mjomba, tumesimama."

"Mshale unasemaje?"

"Umetulia. Unaonyesha kushoto kwangu."

"Basi."

Akachukua kasia. Sikumwambia neno lingine mpaka alfajiri.

Dira hiyo inahitaji kusawazishwa kila unapobadilisha betri: unafuata maelekezo kwenye skrini, unakigeuza kifaa polepole. Fanya hivyo mbali na nanga na ndoo ya chuma. Nilipofanyia karibu na nanga ilinipa kaskazini ya uongo asubuhi nzima.

Betri. Zile za bei ndogo za rimoti zilizojaa kila kibanda zinakufa kabla ya kufika Nansio. Nunua alkalaini, au nne za kuchaji, mbili ndani mbili akiba, na uingie kwenye mipangilio ukiambie kifaa ni betri za aina gani, la sivyo kipimo cha chaji kitakudanganya. Akiba yangu inakaa kwenye kopo la dawa lenye mfuniko wa kuzungusha. Huu ndio uzuri wa AA: hata ukikwama kisiwani, dukani zipo.

Kifaa kipya, au kilichosafiri mbali, usikiamini dakika za kwanza. Kiweke mahali pa wazi kitafute setilaiti, kinahitaji nne angalau ili kijue na urefu wa mahali. Mimi nina kipimo changu: natazama urefu kutoka usawa wa bahari unaotoka kwenye setilaiti. Uso wa ziwa letu uko kama mita 1,134. Kikisoma karibu na hapo nafungua kamba. Kikisoma 900 nasubiri.

Kuna wazee mwaloni wanaosema hizi mashine zinakosea mita mia. Walikuwa na haki zamani. Marekani ilikuwa ikiyaharibu kwa makusudi mawimbi ya raia, ikaacha tarehe 2 Mei 2000. Leo ziwani, ambako hakuna mti wala ghorofa la kuziba anga, yangu inanirudisha kwenye kigingi kilekile, mita chache huku au huku.

Makosa makubwa yanatoka kwetu tunaojaza namba, na hapa ningeomba msomaji atulie. Kaka mmoja alinitumia kwa ujumbe mahali pa mwamba: kusini 2.50. Hiyo ni nyuzi mbili na nusu, yaani nyuzi 2 dakika 30. Mimi nikaandika nyuzi 2 dakika 50. Dakika moja ya latitudo ni kama mita 1,852, kwa hiyo nilikuwa nimeuhamisha mwamba kilomita 37. Niliuona kwenye skrini uko nchi kavu, ndivyo nilivyoshtuka. Ungebaki majini nisingejua. Kubalianeni na wenzenu mtumie mtindo mmoja. Tena angalieni herufi ya kusini: Mwanza iko karibu nyuzi 2 dakika 31 kusini, ukiacha N badala ya S unajikuta kaskazini mwa Uganda.

La pili, ukitoa namba kwenye ramani zetu za zamani za serikali, zile za karatasi, soma pembeni pameandikwa nini. Nyingi zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupima mahali, na GPS inakuja ikiwa kwenye WGS 84, mfumo wa dunia nzima. Tofauti yake kwetu inafika kama mita 300. Shambani ni ugomvi wa mpaka. Ziwani ni kupita pembeni ya mwamba au juu yake. Kwenye mipangilio unaweza kuchagua, ila ukimaliza kujaza rudisha WGS 84.

Ramani iliyomo ndani ya kifaa siitegemei. Miamba yetu mingi haimo, na magugu maji hayamo kabisa, maana leo yako ghuba hii kesho ile. Mstari mnyoofu unapita juu ya chochote. Kwa hiyo vituo vyangu nimeviweka mwenyewe, mchana, nikipita taratibu na kubonyeza kitufe cha MARK pale ninapojua maji ni salama. Ninavyo 14. Majina mafupi, yale mpwa wangu anayoyatumia akizungumza, siyo ya kwenye ramani.

Na saa ya kufika inayoonekana kwenye skrini, ifiche kabisa. Miezi ya Juni hadi Agosti kusini-mashariki inavuma na sisi tukitoka Nansio ni mbisho mtupu, kwenda kinyume cha upepo kwa kupindapinda. Ukiwa joshi hili, tanga upande huu, inasema saa tatu, ukigeuza tanga inasema saa kumi na moja. Inamtia kijana wasiwasi bure. Kwenye ukurasa wetu nimebakiza vitu vitatu: mshale, umbali uliobaki, na mwendo kwa kilomita. Mbisho ukiwa mkali tunatazama umbali kila tunapogeuza. Ukipungua, twende. Usipopungua mara mbili mfululizo, tunatua tanga tunatafuta kisiwa.

Usiku ule alikosea mara moja. Alichagua kituo cha Kayenze badala ya Igombe, akagundua mwenyewe kwa kuwa umbali ulikuwa mdogo mno, akarekebisha. Nilimsikia akihesabu kwa sauti ndogo. Kulipokucha taa za uwanja wa ndege zilikuwa pale zinapopaswa kuwa.

Kitufe cha FIND ukikibonyeza kwa muda kinaweka alama ya mtu aliyeanguka majini na kuanza kukuelekeza kurudi hapo. Tumefanya mazoezi kwa dumu tupu la lita 20, mara sita, mbili kati ya hizo usiku. Kando ya kitufe hicho nimegandisha kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, ili kidole chake kikijue gizani.